Masalio ya studio: Albamu ya Queen ambayo haikuwahi kutoka

KILA anayeketi kwenye meza ya uhariri anajua kwamba gazeti analolifungua msomaji asubuhi ni sehemu tu ya maandishi yaliyofika ofisini usiku uliotangulia. Kuna habari iliyoondolewa kwa kuwa nafasi iliisha, nyingine kwa kuwa wakili aliitilia shaka, na nyingine kwa kuwa mwandishi hakuikamilisha kabla ya mitambo kuanza kuchapa. Haikosi kuwa baadhi ya zilizoachwa zilikuwa bora kuliko zilizochapishwa.

Muziki nao una desturi hiyo hiyo. Nyuma ya takriban kila albamu kuna nyimbo zilizoimbwa, zikapigwa ala na kunaswa kwenye kanda, kisha zikawekwa kando. Wapenzi wa muziki wa roki wana mazoea ya muda mrefu ya kuyakusanya masalio hayo, kuyapanga upya na kujiuliza: lau wanamuziki wenyewe wangeamua vingine, albamu ingekuwaje?

Makala haya yanaieleza desturi hiyo kwa kutumia mfano mmoja, nao ni nyimbo ambazo kundi la Queen la Uingereza lilizirekodi mnamo 1988 na mwanzoni mwa 1989 lakini zikakosa nafasi kwenye albamu yao The Miracle. Mfano huu una mvuto wa pekee kwa msomaji wa Afrika Mashariki kwa sababu sauti iliyomo ndani ya kanda hizo ni ya mtu aliyezaliwa Unguja. Aidha, una swali zito ndani yake, kwani mwenye sauti hakuishi kuona masalio yake yakitolewa.

Masalio hutokana na nini?

Kufikia miaka ya 1980, studio kubwa zilikuwa zikirekodi kwa kanda pana ya inchi 2 yenye njia 24. Kila njia ilibeba sauti yake: ngoma, gitaa la besi, kinanda, mwimbaji na kadhalika. Hatua ya mwisho ilikuwa kuzichanganya njia hizo zote hadi ukapatikana wimbo mmoja unaosikilizika.

Kutokana na utaratibu huo, wimbo uliweza kuachwa katika hatua yoyote. Kuna ulioachwa ukiwa mbichi kabisa, una sauti ya mwongozo tu, yaani mwimbaji ameimba kwa haraka, mara nyingine kwa maneno ya kujaziliza, ili wapiga ala wapate pa kufuata. Kuna uliokamilika kila kitu isipokuwa kuchanganywa. Na kuna uliokuwa tayari kabisa, lakini siku ya kupanga orodha ukakosa nafasi.

Nafasi yenyewe ilikuwa finyu. Upande mmoja wa santuri hubeba dakika 20 hadi 25 hivi. Ukizidisha, mifereji ya santuri hubanana na sauti hufifia. Kwa hivyo kundi lililorekodi nyimbo 20 lililazimika kuchagua 10 au 12, hata kama zote zilikuwa nzuri.

Sababu ya pili ni sheria. Wimbo ukitungwa na watu kadhaa ambao haki zao zinasimamiwa na kampuni tofauti, kila upande huwa na kauli. Makubaliano yakikosekana kabla ya siku ya uchapishaji, wimbo huondolewa. Sababu ya tatu ni ugomvi wa ndani: mtayarishaji anataka hivi, kundi linataka vile, mwishowe wimbo unatupwa kapuni. Sababu ya nne ni kwamba wimbo waweza kuwa mzuri ukiwa peke yake, lakini ukawekwa kati ya wenzake ukaonekana mgeni.

Baadhi ya masalio yalipata makao kwenye upande wa pili wa singo. Wasomaji waliokulia enzi za santuri ndogo za benga na rumba wanaujua upande huo, ingawa kwetu mara nyingi ulibeba sehemu ya pili ya wimbo ule ule. Huko Uingereza ulibeba wimbo tofauti kabisa, na mtungaji wake alilipwa sawa na mtungaji wa upande wa kwanza kwa kila nakala iliyouzwa. Singo ya Bohemian Rhapsody ya 1975, mathalan, ilibeba upande wa pili wimbo wa mpiga ngoma Roger Taylor, I'm in Love with My Car. Mauzo ya wimbo wa Mercury yakawa neema kwa Taylor pia, na jambo hilo likazua manung'uniko ndani ya kundi kwa muda mrefu.

Mtoto wa Mji Mkongwe

Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja mnamo Septemba 5, 1946. Wazazi wake, Bomi na Jer Bulsara, walikuwa Waparsi waliotoka India, na baba alikuwa mtunza fedha katika serikali ya wakoloni Waingereza. Akiwa mtoto alipelekwa kusoma shule ya bweni mjini Panchgani, India, kisha akarejea Zanzibar mnamo 1963. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, familia yake ilihamia Uingereza.

Huko ndiko alikojiita Freddie Mercury. Mnamo 1970 aliunda kundi la Queen pamoja na mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor. Mpiga besi John Deacon alijiunga nao 1971, na wanne hao hawakubadilika hadi kifo kilipowatenganisha. Tangu Novemba 2019 kuna jumba la makumbusho la mwanamuziki huyo katika mtaa wa Shangani, Mji Mkongwe, ambalo hutembelewa na wageni wengi wafikao Unguja.

Vikao vya 1988 na 1989

Queen walifanya tamasha lao la mwisho wakiwa na Mercury huko Knebworth, Uingereza, mnamo Agosti 9, 1986. Mwaka uliofuata kila mmoja alishika lake. Mercury alikuwa akiandaa albamu ya Barcelona pamoja na mwimbaji wa opera wa Uhispania, Montserrat Caballé. Taylor aliunda kundi lake la pembeni, The Cross. Ndoa ya May ilikuwa ikivunjika. Na mnamo 1987 hiyo hiyo, Mercury aligunduliwa kuwa na virusi vya Ukimwi, siri aliyoifichua kwa watu wachache mno.

Walipokutana tena studioni Januari 1988, wakiwa na mtayarishaji David Richards, walifanya kazi jijini London na katika studio yao ya Mountain mjini Montreux, Uswisi. Kazi iliendelea hadi miezi ya mwanzo ya 1989. Inasimuliwa kwamba nyimbo zilizoanzishwa zilikaribia 30, ingawa nyingi hazikufika mwisho.

Katika vikao hivyo walifanya uamuzi uliobadilisha hesabu zote: kila wimbo ungeandikwa kwamba umetungwa na Queen, bila kumtaja mmoja wao. Malumbano ya nani alipwe kwa upande upi yakaisha. Jalada la albamu lilionyesha jambo hilo bila maneno, kwani nyuso zao nne ziliunganishwa zikawa kama uso mmoja.

The Miracle ilitoka Mei 22, 1989 ikiwa na nyimbo 10, na ikafika nambari ya kwanza Uingereza. Hadi wiki chache kabla ya hapo, albamu hiyo ilikuwa iitwe The Invisible Men, yaani wanaume wasioonekana. Jina hilo lilitupwa, lakini sisi tunalihitaji. Hakuna jina linalofaa zaidi kuitwa albamu ya nyimbo ambazo hazikuonekana.

Masharti ya mchezo

Anayetaka kuunda albamu ya kufikirika bila masharti atakuwa anajipakulia tu vitu anavyovipenda. Ili zoezi hili liwe na maana, tumejiwekea masharti manne.

Kwanza, wimbo uwe umetoka katika vikao vya The Miracle, si kabla wala baada. Pili, usiwe miongoni mwa zile 10 za santuri ya 1989. Tatu, nyimbo zote zienee pande mbili za santuri moja, maana ufinyu ndio uliozaa masalio yenyewe, na ni ukosefu wa haki kuwahukumu wanamuziki kwa kipimo kipana kuliko walichokuwa nacho. Nne, palipo na matoleo mawili, lichukuliwe lililo karibu zaidi na mwaka 1989.

Masharti haya yanaondoa baadhi ya nyimbo zinazopendwa. Mad the Swine inaondoka kwa kuwa ni ya 1972, ingawa watu waliisikia kwa mara ya kwanza mnamo 1991. Lost Opportunity, wimbo wa huzuni ulioimbwa na May, unaondoka kwa kuwa ulitoka pamoja na nyimbo za Innuendo, albamu ya 1991.

Upande wa kwanza

Albamu yetu inafunguliwa na Hang On in There. Wimbo huu ulikuwa upande wa pili wa I Want It All, singo ya Mei 1989, na pia uliongezwa kwenye CD. Maudhui yake ni kumtia moyo mtu asikate tamaa, na sehemu yake ya mwisho ina wapiga ala wakijiachia kana kwamba wamesahau kuwa kanda ingali inazunguka. Ni mwanzo mwema, kwani unatangaza kwamba hii ni albamu ya watu waliomo chumbani pamoja.

Wa pili ni Stealin', ambao ulikuwa upande wa pili wa Breakthru. Mercury anaigiza mtu anayeishi kwa wizi, na anaimba kwa wepesi usio na majivuno. Ndani ya The Miracle, albamu yenye sauti nzito za mashine za muziki za wakati huo, wimbo huu ungeonekana kama mtu aliyevaa kandambili kwenye karamu ya kifahari. Hapa unakaa vizuri.

Wa tatu ni Hijack My Heart, upande wa pili wa The Invisible Man. Huu umeimbwa na Taylor. Kuna watakaosema kwamba albamu ya Queen isiyo na sauti ya Mercury mwanzo hadi mwisho si ya Queen, lakini albamu zao za miaka ya 1970 zilikuwa na nyimbo za Taylor na May pia. Desturi hiyo ilikuwa imefifia, nasi tunairejesha.

Wa nne ni I Guess We're Falling Out, wimbo ambao haukukamilika na ulitolewa rasmi Novemba 2022. Unahusu watu wawili wanaokosana. Msikilizaji atatambua mara moja kwamba kuna sehemu ambazo zingebadilishwa lau kazi ingeendelea. Tumeuweka kwa makusudi. Albamu ya masalio isiyo na hata wimbo mmoja mbichi ingekuwa inadanganya kuhusu asili yake.

Upande huu unafungwa na Too Much Love Will Kill You, na hapa ndipo penye kisa kirefu. Wimbo huu ulitungwa na May pamoja na Frank Musker na Elizabeth Lamers, nje ya kundi, wakati maisha ya May ya nyumbani yalikuwa yakiporomoka. Unamhusu mtu aliyekwama baina ya mapenzi mawili. Mercury aliuimba, ukaingizwa kwenye orodha ya albamu, kisha ukaondolewa dakika za mwisho kwa sababu ya mvutano wa haki za utunzi.

Ulimwengu uliusikia kutoka kwa May mwenyewe katika tamasha la kumkumbuka Mercury uwanjani Wembley, Aprili 20, 1992. Toleo lenye sauti ya Mercury halikutoka hadi 1995. Kufikia hapo, wengi waliouskia walidhani Mercury alikuwa akiimba kuhusu maradhi yake, ilhali ulitungwa kwa ajili ya jambo jingine kabisa. Huo ni mfano wa jinsi kuchelewa kwa wimbo kunavyoweza kuubadilisha maana. Lau ungetoka 1989, ungesikika kama wimbo wa ndoa iliyovunjika. Ulipotoka baada ya mazishi, ukasikika kama wasia.

Upande wa pili

Geuza santuri. Tunaanza na Dog with a Bone, wimbo mwingine uliotolewa rasmi 2022, ambamo Taylor na Mercury wanapokezana sauti. Ni roki ya mzaha, isiyodai kuwa kubwa, na kazi yake hapa ni kumwamsha msikilizaji baada ya huzuni ya wimbo uliotangulia.

Unafuata My Life Has Been Saved, wimbo wenye asili kwa John Deacon, mtu mkimya kuliko wote wanne. Ulikuwa upande wa pili wa Scandal, singo ya Oktoba 1989. Mwimbaji anatazama habari za ulimwengu, anafungua magazeti na kukuta vifo kila ukurasa, kisha anashangaa kwamba yeye bado yu hai. Sisi tunaoyaandaa magazeti hayo tunaielewa hali hiyo.

Kuna matoleo mawili. La 1995 lilipigwa upya na kundi likiwa limempoteza mwimbaji wake, nalo limepambwa zaidi. Kwa mujibu wa sharti la nne tumechukua la 1989, ambalo linaanza kwa gitaa na halina haraka. Inashangaza kwamba wimbo huu uliachwa nje. Kwa maoni ya mwandishi huyu, ungeliweza kuchukua nafasi ya Rain Must Fall au My Baby Does Me bila yeyote kulalamika.

Chinese Torture ni ala tupu, chini ya dakika 2, gitaa la May likilia katika giza. Kwenye CD ya 1989 iliwekwa kama nyongeza na ikaonekana haina kwao. Hapa inafanya kazi ya daraja, maana kinachofuata kinahitaji kuandaliwa.

Kinachofuata, na cha mwisho, ni Face It Alone. Wimbo huu ulikaa kwenye kanda kwa zaidi ya miaka 30. Wanamuziki wenyewe waliamini kuwa haukuwa na kutosha cha kuokolewa, hadi wahandisi walipofanikiwa kuvisafisha na kuviunga vipande vyake. Ulitolewa Oktoba 13, 2022. Mdundo ni wa polepole, gitaa linagusa noti chache, na Mercury anaimba kwamba mwisho ukifika kila mtu huukabili akiwa peke yake.

Kwenye The Miracle, wimbo wa mwisho ni Was It All Worth It, ambao unauliza kwa kishindo iwapo miaka yote ya muziki ilikuwa na faida, na unajibu kwa furaha. Albamu yetu inafunga kwa njia tofauti: haina kishindo wala jibu. Zote mbili ziliimbwa na mtu yule yule katika kipindi kile kile, akiwa na siri ile ile. Aliyechagua ipi itoke na ipi ibaki ndiye aliyeamua ulimwengu umfahamu Mercury yupi mnamo 1989.

Hesabu ya mwisho

Nyimbo 7 zilizokamilika katika orodha hii zina jumla ya dakika 25 hivi. Ukiongeza zile 2 mbichi, unapata zaidi ya nusu saa kidogo. Ni albamu fupi ikilinganishwa na The Miracle yenye takriban dakika 41, lakini inaenea pande mbili bila kubanana.

Zimebaki nyingine zilizotolewa 2022, zikiwemo When Love Breaks Up, You Know You Belong to Me na Water. Hatukuziingiza kwa kuwa bado zinasikika kama michoro ya fundi kabla ya nyumba kujengwa. Mhariri hapaswi kuchapisha kila kilicho mezani kwa sababu tu kimeandikwa na mtu maarufu.

Na hapa inafaa kukiri jambo. Zoezi hili limewapa haki Queen zaidi ya lilivyowalaumu. Ukiziondoa My Life Has Been Saved na Too Much Love Will Kill You, ambazo zilistahili kuwamo, nyingine zote ziliachwa kwa sababu zinazoeleweka. The Invisible Men ni albamu ya kupendeza, lakini haina wimbo wa kuutikisa uwanja kama I Want It All. Mgala muue na haki yake mpe.

Maiti haulizwi sanda

Hadi hapa tumekuwa tukicheza. Lakini mchezo huu umefanywa pia na wenye mali, tena kwa vitendo, na hapo huzuka swali ambalo mashabiki hulikwepa.

Mnamo 1991, baada ya Innuendo kutoka, Mercury alirudi Montreux akiwa mgonjwa sana. Brian May amesimulia mara nyingi kwamba Mercury aliwahimiza wenzake wampe maneno ya kuimba, kadiri walivyoweza, ili wao wamalizie baadaye. Ndivyo zilivyopatikana Mother Love na A Winter's Tale. Mother Love hakuimaliza. Ubeti wa mwisho uliimbwa na May.

Mnamo Novemba 23, 1991 alitangaza hadharani kwamba alikuwa na Ukimwi. Siku iliyofuata alifariki akiwa na umri wa miaka 45. Wenzake watatu walikusanya nyimbo hizo za mwisho, wakaongeza sauti zake kutoka miaka ya nyuma, zikiwemo nyimbo mbili za albamu yake binafsi ya 1985, wakazipigia ala upya na kutoa Made in Heaven mnamo Novemba 6, 1995. Albamu hiyo nayo ilifika nambari ya kwanza Uingereza.

Ndani ya kazi hiyo moja kuna sauti za aina mbili. Kuna zile alizoziacha akijua zitamaliziwa na wengine, na kuna zile zilizochukuliwa kutoka mahali pengine bila yeye kuulizwa. Za kwanza ni amana. Za pili ni urithi. Amana hutekelezwa kama ilivyoagizwa, lakini urithi hugawanywa kwa busara ya waliobaki.

Face It Alone iko upande wa urithi. Mwaka 1988 Mercury alikuwa na nguvu za kutosha kuumaliza wimbo huo lau angetaka. Hakuumaliza. Je, aliuacha kwa kukosa muda, au kwa kuwa hakutaka watu wausikie akisema jambo hilo wakati angali akiificha hali yake? Hakuna kanda inayoweza kujibu. Wahenga walisema maiti haulizwi sanda. Wanaomvika ndio huchagua kitambaa, na ndio wanaobeba dhamana iwapo kitambaa hakimfai.

Wanaotetea kutolewa kwa nyimbo hizi wana hoja nzito pia. May na Taylor hawakuwa wageni waliovunja kabati. Walikuwa wametunga naye kwa miaka 20, na katika The Miracle walikuwa wamekubaliana wote kwamba kila wimbo ni wa wanne. Aidha, hawakuficha kwamba ni masalio. Mkusanyiko wa Novemba 2022 uliziweka nyimbo mbichi katika diski yake pekee, kando ya albamu yenyewe. Santuri iliyokuwamo ilirejesha Too Much Love Will Kill You mahali pake, kama ilivyopangwa kabla ya wanasheria kuingilia.

Walirudia jambo kama hilo mnamo Oktoba 2024 walipoitoa upya albamu yao ya kwanza ya 1973 kwa jina Queen I. Mad the Swine, iliyokuwa imeondolewa kwa sababu ya kutokubaliana na mtayarishaji Roy Thomas Baker kuhusu sauti ya ngoma, ilirudishwa kwenye orodha baada ya zaidi ya miaka 50. Kilichokuwa ndoto ya mashabiki kikawa albamu halali inayouzwa madukani.

Kuna tofauti baina ya mambo hayo mawili. Kurejesha wimbo uliokamilika na kukubaliwa na wote, kisha ukaondolewa kwa sababu za nje, ni kusahihisha kosa. Kuumalizia wimbo ambao mwenyewe aliuacha ni kufanya uamuzi kwa niaba yake. Tendo la kwanza ni la mhariri. La pili linakaribia kuwa la mwandishi, na anayelifanya hana budi kusema wazi kwamba ndiye aliyelifanya.

Hiyo ndiyo faida ya albamu ya kufikirika. Msikilizaji anayeipanga nyumbani kwake hauzi kitu, hamwekei marehemu neno mdomoni, wala hawazuii wengine kupanga yao kwa namna nyingine. Anachopata ni kusikiliza kwa makini: kujua wimbo unavyobadilika ukihamishwa mahali, kujua kwamba mpangilio ni sehemu ya utunzi, na kutambua kwamba kilichoachwa nje kinaweza kumweleza msanii sawa na kilichoingizwa.

Mambo haya yote yamewezekana kwa sababu moja isiyo na mbwembwe: kanda zilitunzwa. Kila moja iliandikwa tarehe na jina, ikawekwa pahali pakavu, na miaka zaidi ya 30 baadaye ikapatikana. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kuuliza iwapo ni halali kuyatoa masalio ya wanamuziki wetu wenyewe, wa Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Unguja, tungeanza kwa kuuliza kanda zao ziko wapi, na nani ana ufunguo.